Alama Nyuma ya Kola

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa baba yetu, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya marehemu, mimi ni binti yake wa kwanza na ndimi niliyerithi meza yake ya kupigia pasi. Kazi hii kwa kawaida angepewa mdogo wangu wa kiume, mwenye sauti nzuri na maneno ya kupangika, lakini jana alipoisoma karatasi hii aliirudisha mezani akasema hawezi, akashauri tuandike tu kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu, tumzike, tukanywe chai. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema isomwe yote kama marehemu mwenyewe alivyoitamka, isipunguzwe neno, na kama kuna wa kuona aibu basi yeye ndiye wa kwanza, na yeye ameketi hapa mbele. Kwa hiyo nasoma, na nikikwama mtanisubiri.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1946, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mfua nguo wa hospitali ya wilaya, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na chumba cha kuchemshia mashuka, na alikuwa na utani wake kwamba harufu ya kwanza aliyoijua duniani ni ya sabuni ya mche, maziwa yalikuja baadaye. Kaka yake, ambaye sisi tulimwita baba mkubwa, alimtangulia kwa miaka minne, walilala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipoanza kuota ndevu, na mvua zilipojaza maji barabara ya shule alimbeba mgongoni kwenda na kurudi, jambo ambalo marehemu alilitaja kila alipoulizwa kwa nini hakuweza kumnyima kaka yake kitu.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1954 na kumaliza darasa la nane mwezi Desemba 1961, akiwa na hati nzuri kuliko mwalimu wake, lakini baba yao alikuwa amefariki mwaka huo na masomo yakaishia hapo. Kaka yake alikuwa amekwisha kuingia jeshini, na mshahara wake wa kwanza uliobaki baada ya kumtunza mama yao ndio uliomnunulia marehemu pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo wa shaba kwenye kifuniko, ambayo wengi wenu mmeiona dukani na wengine mmeungua nayo kwa kugusa visivyotakiwa kuguswa.

Tarehe 1 Julai 1963 alifungua duka lake la udobi katika chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye meza ndefu, rafu ya mbao, pipa la kuchemshia na ua wa nyuma wa kuanikia, na hapo ndipo alipofanya kazi kwa miaka hamsini na minane bila kuhama. Watu walimwita Pasi, kwa sababu ya kazi na kwa sababu alikuwa mwepesi kupata moto. Alijivunia jambo moja, kwamba hakuwahi kupoteza nguo ya mtu, hata leso, na siri ya jambo hilo ilikuwa alama alizoziandika kwa wino usiofutika nyuma ya kola, mistari ikiwa ya mtaa na nukta zikiwa za nyumba, na hesabu yake hakuiandika kwenye daftari lolote, aliihifadhi kichwani. Nguo isiyo na alama ikipita mezani kwake alihisi kuwashwa mkono. Alikuwa pia na kanuni yake ya kupimia wateja, kwamba mtu akifunga nyumba na kuondoka na samani lakini hajachukua nguo zake kwa dobi, huyo hajahama, atarudi, na kwa kanuni hiyo aligoma kuuza nguo zilizokaa muda mrefu, akawa anagombana na kila aliyemwambia rafu imejaa. Naomba mkumbuke kanuni hii.

Alikutana na mama yetu mwezi Mei 1971, alipokuja dukani na shati la baba yake mkononi kudai kifungo kilichopotea, na marehemu, ambaye kifungo hakukipoteza yeye na alikuwa na ushahidi, alimtazama yule msichana aliyefura, akaamua kwamba ushahidi hauna faida, akang'oa kifungo cha shati alilolivaa akakishona pale pale. Mama anasema alirudi wiki iliyofuata na shati ambalo halikuwa chafu. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1972, baba mkubwa akiwa msimamizi wa bwana harusi katika sare iliyonyooka kama ubao, na upande wa bibi harusi akasimama kaka yake pacha, mjomba wetu, mtu mrefu, mcheshi, fundi wa redio, na picha ipo, wanaume hao wawili wameshikana mabega wanacheka. Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1973, mdogo wangu wa kiume mwaka 1975, na kitinda mimba wetu mwaka 1978.

Vita vilianza tarehe 20 Aprili 1976, na sina haja ya kuvieleza kwa waliovipitia. Katika familia yetu viliingia kwa milango miwili, kwa kuwa mwezi Mei mjomba alifunga karakana yake ya redio akaenda kujiunga na watu wa milimani, na mwezi Juni baba mkubwa, akiwa sasa ni sajini katika kambi ya mjini, alikuja dukani akamwambia mdogo wake kwamba kambi inahitaji dobi na amekwisha kumtaja yeye. Mama alimwambia mumewe akatae. Marehemu alijibu kwamba aliyembeba mgongoni hawezi kumgeuzia mgongo, mama naye akasema yeye alikaa tumbo moja na kaka yake miezi tisa, kama ni habari ya kubebana, na tangu siku hiyo uani kwetu kukawa na kamba mbili za kuanikia, ya kushoto ya sare za askari, ya kulia ya nguo za raia, na mama hakugusa kibanio kimoja cha kamba ya kushoto.

Nisingependa mdhani walichukiana. Walilala kitanda kimoja, walicheka mambo yale yale, mama alimkuna mgongo jioni baada ya kazi huku akimwita dobi wa wauaji, naye akamwita dada wa majambazi, na mtu aliyewasikia angeona ni mizaha ya watu na ndoa yao. Ila marehemu aliniambia kwamba kila alipolala alijua upande wake ukishinda mwenziwe atalia, na upande wa mwenziwe ukishinda atalia yeye, wala hakuwahi kupata sala ya kuomba wote wawili wasilie.

Mama alikuwa akipitisha nguo kwenda milimani ndani ya marobota ya wateja. Mwezi Desemba 1976 alimfulia pacha wake mashati matatu, akamkanya mumewe kwamba haya usiyatie alama, unanisikia, haya hayarudi hapa, marehemu akaitikia kwamba amesikia. Lakini mashati yalipita mezani kwake, na mkono uliozoea miaka kumi na mitatu ukachukua kalamu, ukayatia alama ya nyumba ya wakwe zake kama kawaida, mistari miwili na nukta tatu. Alipong'amua, robota lilikuwa limekwisha kuondoka. Hakumwambia mkewe, kwa kuogopa kugombezwa, na hilo ndilo jambo la kwanza alilomficha.

Tarehe 1 Januari 1977 kambi ilitangaza kwamba nyumba yoyote itakayothibitika kutoa mpiganaji itachomwa na watu wazima waliomo watachukuliwa, na waliochukuliwa mwezi huo hakuna aliyerudi. Tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi, luteni wa kambi aliingia dukani, baba mkubwa akiwa nyuma yake, akaweka juu ya meza shati lenye damu iliyokauka kuanzia kwapani mpaka kiunoni, akakunja kola na kuuliza hii ni nyumba ya nani.

Marehemu alisema alilijua shati kabla ya kuiona alama. Kusema kwamba si mkono wake haikuwezekana, kwa kuwa luteni mwenyewe alikuwa amevaa alama ya wino ule ule shingoni, na kwa kuwa sare za kambi zilitiwa mistari kwa kikosi, luteni alikwisha kung'amua kwamba mistari miwili ni mtaa wa pili, alichotaka ni nyumba tu, maana nukta zilifuata zamu ya wateja kuanza kuja dukani, si mpango wa nyumba mtaani, na hesabu yake aliijua marehemu peke yake. Katika mtaa wa pili marehemu alikuwa na wateja wa nyumba nne. Ya kwanza ilikuwa ya mkunga, ya pili ya mjane na wanawe, ya tatu ya wakwe zake, na asubuhi ile katika nyumba ya tatu walikuwamo bibi na babu yetu, mama yetu aliyekwenda kuwaona, mimi nikiwa na miaka mitatu, na mdogo wangu mgongoni kwa mama. Ya nne ilikuwa ya seremala, mzee mpole ambaye hakuwa wa upande wowote, aliyekuwa amefunga nyumba siku sita nyuma na kuipeleka familia yake kwa ndugu.

Aliomba asogee dirishani aione alama vizuri. Alisimama pale, kwa maneno yake, muda wa kukunja shuka moja, akamtazama kaka yake, na kaka yake akatazama sakafu, kwa kuwa naye alilijua lile shati, na alijua ni nani wako nyumba ya tatu. Kisha marehemu akasema ni ya seremala, lakini wamekwisha kuhama, nyumba ni tupu. Luteni aliandika, akaliacha shati mezani, akasema lifuliwe, litamfaa mtu.

Marehemu aliniambia kwamba walipotoka alishukuru, alishukuru kwa sauti, akashika pasi aendelee na kazi, na alipogeuka kuweka nguo kwenye rafu aliliona furushi la seremala, mashati mawili na shuka, tayari yamepigwa pasi, mistari miwili na nukta nne, yakimsubiri mwenyewe. Yeye aliyewaambia wateja miaka yote kwamba aliyeacha nguo kwa dobi atarudi. Alitoka mbio bila kufunga duka, bila viatu, na alipofika kona ya mtaa wa pili alisikia risasi.

Seremala alikuwa amerudi alfajiri ile kuchukua randa na patasi zake. Mama yetu alimwamkia juu ya ukuta, akamuuliza habari za watoto, naye akasema hakai, atapita kwa Pasi kuchukua mashati yake, kisha aondoke. Walimpigia mlangoni kwake, ufunguo ukiwa mkononi, na mama aliona, akiwa ametufunika sisi wawili chini ya meza ya bibi, na moshi wa nyumba ile ulitia masizi nguo zote zilizoanikwa mtaani siku hiyo.

Jioni ile mama, akitusugua masizi, alisema maneno ambayo marehemu aliyarudia kwangu bila kukosea hata moja. Alisema: "Aliyemtaja yule mzee, namwombea afe na macho yake wazi, akose mtu wa kumfumba." Marehemu alikuwa amepiga magoti anapangusa maji kwa tambara sakafuni, akaendelea kupangusa. Angetaka kusema, alisema, lakini kumwambia mkewe nani alimtaja seremala kulikuwa ni kumwambia pia shati lilikuwa la nani, na yeye alikuwa hajapata nguvu ya kulisema moja, sembuse mawili.

Wiki hiyo hiyo baba mkubwa alimnong'oneza kwamba waliouawa, mjomba miongoni mwao, walifukiwa katika mashimo ya udongo nyuma ya kiwanda cha matofali, shimo la pili kutoka tanuri, akaondoka, na hakuja tena kwetu mpaka alipofariki mwaka 1994. Shati marehemu alilifua peke yake, kwa maji baridi, kwa siku tatu, akalishona tundu, akalipiga pasi, akalitia ndani ya sanduku pamoja na furushi la seremala.

Vita viliisha tarehe 30 Aprili 1979. Watu wa milimani walirudi kwa malori, na mama alisimama barabarani siku tatu akitazama kila uso. Walikuja wenye habari zao, huyu alimwona mjomba kavuka mpaka, yule kasikia anatengeneza redio mji fulani, na mama aliwapikia wote, na marehemu aliketi nao akitikisa kichwa kwa kuafiki. Kuanzia mwaka huo, kila tarehe 2 Oktoba, siku ya kuzaliwa kwao mapacha, mama alitoa kabatini suti ya mjomba, akamkabidhi mumewe aifue na kuinyoosha, ili mwenyewe akitokea asikute imeliwa na nondo. Aliinyoosha mara arobaini na tano. Mimi nilikua nikimwona, na nilidhani anachukua muda mrefu kwenye suti ile kwa sababu ya upendo, na nilikuwa sahihi, ila sikujua kingine kilichokuwemo. Ndugu zangu, mimi nina hasira na baba yangu, naisema mbele ya jeneza lake, nina hasira naye na nimemlilia mpaka sauti imekauka, na sioni kwamba moja linafuta jingine.

Afya yake ilianza kuyumba mwezi Septemba 2021, madaktari wakagundua kwamba moyo umepanuka na mapafu yamechoka kwa moshi wa mkaa, akaniachia duka, akawa anakuja tu kunikosoa na, kila Oktoba, kuinyoosha ile suti. Tarehe 18 Juni 2024 alilazwa, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na ndipo aliponiita nije na daftari, akanisimulia kwa alasiri tatu haya niliyoyasoma, akaniagiza nifanye mambo mawili. La kwanza lilikuwa kupeleka furushi kwa binti wa seremala. Nilimkuta nyumbani kwake tarehe 3 Julai, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, akalifungua, akalipitisha shati moja usoni, akasema baba yake alikuwa akiliulizia hili la mistari huko walikokimbilia, kisha akaniomba niondoke. Amekuja leo. Ameketi karibu na mlango, na hakuna anayepaswa kumwendea mpaka atake mwenyewe.

La pili lilikuwa kumleta mama wodini. Tarehe 6 Julai marehemu alimwambia mwenyewe, shati kwanza, kisha seremala, kisha shimo la pili kutoka tanuri. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia wala hakumtukana, aliuliza swali moja tu, kwamba mashati matatu niliyokukanya usiyatie alama, uliyatia, na marehemu akasema niliyatia, mama akachukua mkoba wake akatoka. Kwa siku tisa alikuja kila siku asubuhi, akamnywesha uji, akambadilisha shuka, akamgeuza upande, asimwambie neno hata moja. Marehemu alimsihi. Alimwambia nitukane basi, mama wa watoto, hata unipige, ila usininyamazie, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageukia ukutani kwa kushindwa kusikiliza. Mama alikunja shuka chafu, akaondoka nalo.

Marehemu alifariki tarehe 15 Julai 2024, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Tulikuwepo mimi, mdogo wangu na mama, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha mbali. Alikata roho macho yakiwa wazi, yakimtazama kule kwenye kiti. Mimi niliinua mkono nimfumbe, mama akasema acha. Muuguzi akaja akasimama, akarudi nyuma. Kisha mama aliinuka, akamwendea, akamfumba macho kwa kiganja chake mwenyewe, jicho moja, halafu la pili, na akaacha mkono pale mpaka tulipomwomba tumfunike.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari wa wodi ya wanaume aliyetuambia ukweli bila kutuzungusha, wauguzi wa zamu zote, majirani waliotupikia tangu siku ya kwanza, madobi wenzetu waliofunga maduka yao leo ili kuja kubeba jeneza, na dereva wa gari la hospitali. Baada ya hapa, yeyote mwenye nafasi anaombwa atusindikize nyuma ya kilichokuwa kiwanda cha matofali. Tanuri lilibomolewa, mashimo yalifukiwa, na siku hizi ni uwanja wa kuegeshea malori, hatujui shimo la pili lilikuwa wapi hasa, na wenye uwanja wametupa saa moja tu. Mama amebeba lile shati na ile suti. Sijui anakwenda kuzifanyia nini, na sijathubutu kumuuliza.

Nilipoandika maneno ya mwisho ya karatasi hii kama yanavyoandikwa siku zote, mama alinishika mkono. Alisema nisiseme kwamba amemsamehe, kwa kuwa bado, na nisiseme kwamba hakumpenda, kwa kuwa huo ungekuwa uongo mwingine na katika nyumba hii umetosha. Alisema nimwambie marehemu apumzike, amefanya kazi nyingi, na neno la amani nimwachie yeye, atakuja kuliongeza mwenyewe siku atakapompata kaka yake.

Pumzika, Baba.